Afande Alivyoliandika Joto Langu

Kabla ya yote ujue kwamba sikufa, na wala sikuachika. Nayasema mapema kwa sababu wakati ule ningembusu mkono mtu yeyote ambaye angeniambia maneno hayo mawili. Nawaandikia wanawake wanaosimama mbele ya friji lililo wazi saa nne asubuhi wakijifanya wanatafuta maziwa, kumbe wanatafuta baridi. Nawaandikia na waume zao pia, ingawa najua hawatasoma mpaka wasomewe.

Mimi ni mtu wa Voi. Kampala nimekaa miaka ishirini na minane, nikiuza viungo katika soko la Nakasero: tangawizi, kitunguu saumu, iliki, mdalasini, na pilipili manga ambayo wateja wangu huipigia chafya kabla ya kuinunua. Meza ile ilikuwa ya shangazi yangu, nami niliirithi aliporudi nyumbani. Mume wangu, Adriko, ni Mlugbara wa Arua, polisi mstaafu. Soko zima humwita Afande, na mimi humwita hivyo nikiwa na raha naye. Nikimwita Baba Ayikoru, kwa jina la binti yetu, anajua kuna jambo.

Lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili, maana mimi Kilugbara kilinishinda na yeye Kidawida, lugha yetu Wataita, hakukigusa. Kiswahili changu nilizaliwa nacho. Chake alikiokota kambini, na mpaka leo hakijapigwa pasi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza ya shangazi na sare yake ya kaki akasema, "Mama, mimi nataka ile kitu ya chai." Nikamuuliza kitu gani. Akaonyesha tangawizi kwa kidole kama anayemtambua mshukiwa. Alinunua tangawizi kila siku kwa wiki tatu. Nilipokwenda kwake mara ya kwanza, nikiwa na shangazi kama mlinzi, nilizikuta tangawizi zote ndani ya kofia yake ya chuma, zimeota majani. Hakuwa amekunywa hata kikombe kimoja.

Kwake kulikuwa unipoti, katika kambi ya polisi ya Naguru. Asiyezijua unipoti, ni vile vibanda vya bati vya mviringo walivyopewa askari, chumba kimoja, mlango mmoja, na dirisha la kupitisha paka. Humo ndimo nilimoanzia ndoa. Kufika saa sita mchana bati lilikuwa linachoma, nasi tulitoka nje na mikeka tukafuata kivuli cha unipoti ya jirani, na jirani akafuata chetu jioni. Nililowesha leso, nikaitia shingoni, nikachambua kunde huku naimba nyimbo za mama. Niliimba tangu asubuhi mpaka jioni siku zile. Majirani walijua Mama Taita ameamka kwa kunisikia.

Na Afande alipotoka zamu, nilimzuia mlangoni. Nilimwambia, "Toa ripoti, Afande." Naye alipiga kisigino, akaweka mkono kwenye kofia, akanisomea siku yake yote: "Mwizi ya kuku moja, mlevi nne, bibi moja amepiga bwana yake, hakuna aliyekufa." Ndipo nilipompisha aingie ale. Ulikuwa mchezo wa vijana, lakini tuliucheza miaka zaidi ya ishirini. Tulihama unipoti tukaja kupanga Lubaga, chini ya kilima cha kanisa kubwa, tukajenga vyumba vyetu vitatu, Ayikoru akakua akaingia chuo kikuu, na bado kila jioni alipiga kisigino mlangoni. Ninapokumbuka miaka ile huona haya kidogo, maana sikujua kwamba nilikuwa na mali.

Katika unipoti ile tulimuuguza dada yake, Driciru, mwaka wetu wa kwanza. Alikuja kutoka Arua amekonda. Tulimlaza upande wa mlango apate hewa, mimi nikawa namfuta jasho. Alikaa nasi miezi miwili akafa kwa kifua kikuu. Nilimlilia, tukamzika kwao, na baada ya miaka nikamweka mahali ambapo mtu huweka wafu ili aweze kuendelea kuuza tangawizi. Msomaji, wewe usimsahau. Mimi nilimsahau, na ndilo kosa langu.

Joto langu lilianza msimu wa nsenene, wale panzi wa kijani ambao Kampala nzima huwala Novemba. Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Nilikuwa nimekaa mezani pangu nikibandua kitunguu saumu, mara nikasikia moto umewashwa chini ya matiti, ukapanda shingoni, ukafika masikioni. Nikadhani watu wote wananiona nikiungua. Hakuna aliyeniona. Jasho likanitiririka mgongoni, kisha nikaanza kutetemeka kwa baridi, saa tano ya mchana.

Mwezi huohuo Afande alistaafu. Tulistaafu pamoja basi, yeye upolisi, mimi hedhi, ila yeye alifanyiwa karamu.

Zahanati ya mtaani kwetu walinipima malaria. Hakukuwa na malaria, wakanipa dawa ya malaria. Nilirudi, wakapima taifodi. Nilikunywa vidonge vya taifodi hadi Krismasi, na joto likala Krismasi pamoja nasi. Januari nikahamia hospitali kubwa kidogo, ambako unapewa kadi yenye namba na kukaa kwenye benchi ukiitazama televisheni isiyo na sauti. Nilijifunza mengi kwenye benchi lile. Nilijua nani anakuja na chakula na nani anakuja na mume. Mama mmoja mnene wa Masaka, aliyekuja kwa ajili ya sukari, aliniona navuja jasho akanipepea kwa bahasha yake ya eksirei bila kuniuliza neno. Sikupata hata jina lake. Daktari wa siku hiyo alisema ni presha, nipunguze chumvi na mawazo.

Mawazo yenyewe ndiyo yaliyokuwa yamenipunguza mimi. Joto lingevumilika. Kilichonitisha ni kwamba nilikuwa nimekuwa mtu mwingine na huyo mtu sikumpenda. Hasira ilinipanda kwa vitu vidogo, kama mlango uliorudishwa kwa nguvu au kijiko kilichogonga kikombe. Kisha hasira iliondoka ghafla na kuniacha nikilia, na kilio nacho hakikuwa na sababu. Nilisahau bei za iliki nilizozijua kuliko jina langu. Ngozi ilinikauka, viungo viliniuma, na mambo ya chumbani yakawa maumivu. Sikujua namna ya kumwambia mume jambo kama hilo kwa lugha yoyote, nikaona rahisi kumwambia kwamba anakoroma. Nikahamia chumba cha Ayikoru.

Na mtu mwenyewe alikuwa nyumbani mchana kutwa! Nilikuwa nimeolewa na mwanamume wa zamu, sikujua mwanamume wa siku nzima anafananaje. Alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, akawa anaingia na kutoka na gambuti zake kila nusu saa kuniuliza, "Mama Ayikoru, wewe iko sawa?" Niko sawa. "Wewe nataka maji?" Sitaki maji. Akitoka namchukia kwa kuuliza, na asipouliza namchukia kwa kutojali. Maskini, hapakuwa na jibu ambalo lingemwokoa.

Siku moja ya Februari nilirudi sokoni nimechoka, nikamkuta amenitangulia mlangoni. Alitaka kunichekesha nadhani. Kabla sijasema kitu alipiga kisigino, akaweka mkono kichwani, akaanza, "Ripoti, mama. Yai thelathini na mbili, kuku moja mgonjwa..." Nikamwambia mbele ya binti yake, "Acha upuuzi wako, wewe si askari tena." Mkono wake ulibaki kichwani kidogo, kisha akaushusha akajifanya anajikuna. Tangu siku hiyo hakupiga kisigino tena. Nilimwona, nikajua nimevunja kitu, na bado sikuweza kuufungua mdomo niombe radhi. Ayikoru aliniambia jikoni, kwa sauti ndogo, kwamba siku hizi anapokaribia nyumbani husimama kwanza getini kusikiliza niko vipi. Nilimkaripia kwa hilo pia.

Kuimba nako kuliisha. Sikuamua. Ilikuwa kama redio ambayo betri imekwisha.

Sokoni jirani yangu ni Nalongo, mama wa pacha, anayeuza mboga za majani. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja. Aliniona nimejimwagia chupa ya maji kifuani akacheka akasema, "Nyabo, hiyo si malalia. Hiyo ni miaka. Mimi ilinishika miaka mbili, nalikuwa nagombana hata na mbuzi." Nilikasirika wiki nzima. Nilisikia tu kwamba ananiita mzee. Usilolijua ni usiku wa kiza, na mwenye taa ukimfokea utabaki humohumo.

Lakini neno lake lilinirudisha Voi. Nilimkumbuka mama yangu, mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la sita. Asubuhi na mapema alikuwa akitoka nje, anakaa kwenye jiwe karibu na pipa la maji, anajipepea na ncha ya leso. Alihamisha kitanda chake jikoni. Watu wakasema amekuwa mkali, wengine wakanong'ona ana pepo, na baba, fundi wa reli, mtu mpole, aliacha kula nyumbani akawa anakula kwa dada yake. Walikaa hivyo hadi baba alipofariki, nyumba moja na vyumba viwili, wakisalimiana kama wapangaji. Hakuna aliyejua mwenzake ameumwa nini. Nilimlilia mama yangu pale juu ya mizani, miaka thelathini na tano baadaye, na mteja akafikiri ni vitunguu.

Nikaanza kuogopa kitu kimoja tu, na kitu hicho ndicho ninachokuandikia. Niliogopa kuumaliza uzee wangu kama wao. Au vibaya zaidi, kwamba Afande hatavumilia kama baba alivyovumilia, atanirudisha.

Ilikuwa mvua za Machi zimeanza. Nilikuwa natafuta brashi ya viatu katika sanduku lake la bati, lile analowekea sare ya zamani na beji. Chini ya sare kulikuwa na daftari gumu, kaunta buku, limepigwa mistari kwa rula. Sasa lazima uelewe kazi ya mume wangu ilikuwa nini. Miaka thelathini hakufukuza majambazi. Alikaa kaunta, akiandika kitabu cha matukio, ambacho askari wa huku na wa kwetu wote hukiita OB. Kila kinacholetwa mezani kinaandikwa: saa, mtu, tukio. Yeye mwenyewe alikuwa akiniambia kwamba bila OB hakuna kesi, na ikiwepo OB kesi imekwisha anza.

Nikafungua. Mwandiko wake, ule wa kuegemea nyuma.

"Saa 0740. M/A ametoka jasho, uso na shingo. Amefungua dirisha zote."

"Saa 1015. M/A amekasirika sababu ya chumvi. Kikombe moja imevunjika. Hakuna majeruhi."

"Saa 1300. M/A analia jikoni. Sababu haijajulikana."

M/A ni mimi, Mama Ayikoru. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na nilikuwa nimefunguliwa faili. Sikusoma zaidi ya ukurasa huo. Moto ulikuwa umeshanifika masikioni.

Hapo ningeweza kumuuliza, lakini mambo mawili yalikutana kichwani mwangu. Siku mbili kabla, Afande alikuwa ameniambia kwamba kaka yake mkubwa anakuja kutoka Arua Jumamosi. Na kwao, kama kwetu, mambo ya ndoa yakiharibika wakubwa huitwa wakakaa, kila upande ukaleta ushahidi. Huyo kaka ndiye aliyekuja Voi na posa, akavumilia maneno ya wajomba zangu siku mbili bila kufungua kiatu. Yeye ndiye angetumwa kunirudisha. Nilijumlisha. Mbili na mbili zikaja nne, na nne ilikuwa ya uongo kabisa.

Siku tatu sikusema kitu. Nilifunga nguo zangu katika mfuko mmoja, nikauweka nyuma ya mlango wa chumba cha Ayikoru. Nilipika kwa Jumamosi vizuri kuliko nilivyowahi kupika mwaka ule, pilau ya viungo vyangu vyote, kwa sababu nilitaka wanikumbuke kwa uchungu. Ndivyo nilivyo.

Shemeji alifika na chupa ya asali na simsim iliyosagwa, akashikwa mkono tangu getini. Tukaketi kula. Hata kachumbari haijaisha, nikainuka nikaenda kuleta daftari, nikaliweka mezani katikati ya sahani, mbele yake.

"Shemeji, faili ndiyo hii," nikamwambia. "Soma mashtaka tumalize, mimi nguo nimeshafunga."

Ayikoru aliweka kijiko chini. Shemeji alilichukua daftari, akaligeuza huku na huku, akalisogeza puani, akalishika juu chini. "Mke wetu," akasema taratibu, "mimi macho hapana ona. Ndiyo sababu nimekuja. Iko daktari ya macho hapa Kampala."

Nikamtazama Afande. Nilitegemea hasira, na ningeishukuru hasira. Alikuwa ameinamisha kichwa akiangalia mikono yake.

"Hiyo si kesi," akasema.

"Ni nini basi?"

"Unakumbuka Driciru?"

Sikuwa nimelisikia jina hilo nyumbani kwetu kwa miaka.

"Alikuwa natoka jasho, kama wewe," akasema. "Tulimpeleka hospitali, daktari akauliza, hii jasho imeanza lini? Wewe nanyamaza. Mimi nanyamaza. Mimi polisi, naandika kuku ya watu imepotea, naandika baiskeli, na dada yangu hata siku moja sikuandika." Alilichukua daftari mkononi mwa kaka yake. "Sasa wewe natoka jasho, nakonda, nalia. Naogopa kukuuliza. Basi naandika. Ile siku daktari atauliza, mimi sitanyamaza tena."

Nilikaa chini. Miezi yote hiyo mimi nilikuwa nahesabu hasira zangu na namna anavyonichoka, na kumbe mwenzangu alikuwa akinitazama nikifa, kila siku, saa kwa saa, peke yake na kalamu. Nami ndiye niliyemfuta Driciru jasho kwa mikono hii. Ningepaswa kujua mtu huyu anaogopa nini. Nikalia, na mara hiyo kilio changu kilikuwa na sababu, na nilikaribia kukifurahia.

Shemeji alijikohoza. Alimwambia Ayikoru ampeleke akaone kuku wa baba yake. Mtu asiyeona hata kurasa, akaenda kuona kuku! Walikaa huko nyuma saa nzima. Katika rehema zote za ugonjwa ule, hiyo naiweka juu.

Jumatatu tukaenda. Afande hakutaka kusikia habari ya miaka wala habari ya Nalongo mpaka kifua kipimwe kwanza. Nilitoa makohozi katika kikopo, tukangoja siku mbili, tukaambiwa ni safi. Alimwomba muuguzi arudie kusema. Kisha akatoka nje, akasimama kando ya bodaboda zilizoegeshwa akitazama ukuta, na mimi nikamwacha autazame.

Kutoka hapo tukaelekezwa kwa daktari wa akina mama, zahanati ya ghorofani huko Nakasero, si mbali na meza yangu. Miaka yote nilipita chini ya dirisha lake na gunia la tangawizi. Chumba cha kungojea kilijaa wasichana wenye matumbo makubwa, na mimi na miwani yangu ya kusomea. Wa mapokezi aliniuliza kama nimemleta binti yangu. Afande alikuwa mwanamume peke yake, amevaa koti la siku ya kustaafu, na daftari lake mapajani ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, ili mvua isililoweshe. Nilimwonea huruma na kumpenda, vyote pamoja, na nilikuwa sijajisikia hivyo kwake kwa muda mrefu.

Daktari alikuwa mama wa makamo yetu, mwenye kifeni kidogo cha betri juu ya meza. Nilipokiona nikajua nimefika. Aliuliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini. Mimi nilianza kuhesabu kwa vidole, lakini Afande alishalowesha kidole. Alifungua ukurasa, akasoma siku na mwezi ambao nilisema sitanunua tena pamba. Daktari akatabasamu, akaomba daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akiandika pembeni. Alisema wagonjwa wake hukaa mbele yake wakisema "kitambo" na "siku nyingine", na hajaletewa kitu kama hiki.

Kisha akasimamisha kalamu. "Hapa umeandika: saa mbili na robo asubuhi, ameimba, dakika tano hivi." Akamtazama Afande juu ya miwani. "Hii nayo ni dalili gani?"

Afande alijikuna nyuma ya sikio. "Hiyo si ugonjwa, daktari," akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa nangojea."

Katika daftari zima, miezi minne, nilikuwa nimeimba mara tatu. Mimi sikukumbuka hata moja.

Sitakufundisha udaktari, sikuusomea. Niliambiwa ni kukoma hedhi, kwamba mwili ukifunga duka lile hupiga kelele, na kwamba hasira na machozi yangu havikuwa tabia mbaya iliyojificha miaka yote ikingoja nafasi. Hilo peke yake lilinitibu nusu. Nilipimwa presha na matiti, nikapewa vidonge. Si kila mwanamke hupewa vilevile, kwa hiyo usikope vyangu, nenda kaulize vyako. Yapo na mafuta ya kusaidia yale maumivu niliyoyaita kukoroma. Daktari aliyataja waziwazi mbele ya mume wangu, na mume wangu akasoma chati ya meno iliyokuwa ukutani kwa bidii kubwa sana, sijui chati ya meno ilifuata nini mle.

Tuliposhuka ngazi akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia nilidhani atafikiri simtaki. Akasema yeye alidhani simtaki. Tukasimama pale ngazini, watu wawili wazima, tukicheka vibaya mpaka msichana mjamzito akatuomba tumpishe.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Pakiti ya kwanza ya vidonge iliniletea kichefuchefu. Wiki ya tatu nilimfokea mteja aliyeonja tangawizi kwa meno akairudisha kwenye fungu, ingawa huyo, hata leo, ningemfokea. Mvua ya Aprili ilinikuta nalala tena, usingizi wa mtu aliyevua mzigo. Kufika pakiti ya tatu joto lilikuwa linanitembelea mara moja kwa siku, kama jamaa ambaye ameshazoeleka. Nilirudi chumbani kwetu. Aliendelea kukoroma, maana kumbe hilo nalo halikuwa uongo.

Nalongo nilimwomba radhi kwa robo kilo ya iliki. Aliipokea akasema, "Bambi," ambayo ni pole ya Kiganda, "sasa tuko wazee mbili."

Radhi iliyokuwa ngumu ilikuwa ya mlangoni. Nilijua ninachodaiwa, na kila jioni nilikiahirisha. Siku moja ya Mei nilikuwa nimepiga deki, nikamwona anakuja kutoka kwa kuku na gambuti zake. Nikasimama mlangoni, nikaweka mikono kiunoni. Sauti ilinitoka nyembamba.

"Toa ripoti, Afande."

Alisimama. Alinitazama kwanza usoni, kama Ayikoru pale getini, kupima hali ya hewa. Kisha akapiga kisigino, na mavi ya kuku yakaruka kwenye sakafu yangu safi hadi ukutani. Niliyaacha palepale. Nilisikiliza mayai yote mpaka la mwisho.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mama yangu hayuko nikamwambie, nami huwaza ingekuwaje kama baba angekuwa karani wa kituo badala ya fundi, akawa na daftari lake. Kwa hiyo nakuambia wewe. Mwambie aliye karibu nawe, kwa maneno yoyote uliyonayo, hata yawe mabovu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kilichotaka kuniumbua mimi hakikuwa kifo.

Juzi tulikuwa barazani, msimu wa nsenene umerudi, tunang'oa mabawa na miguu kabla ya kukaanga. Nilikuwa naimba wimbo wa mama wa kuchambulia kunde. Ghafla nikakumbuka, nikamuuliza daftari liko wapi. Akasema liko sandukuni, chini ya sare. Nikamwambia mbona haandiki tena, na leo nimeimba tangu asubuhi.

Hakuinua kichwa. Alivuta sahani ya panzi karibu yake.

"Kitu ya kila siku," akasema, "hatuandiki."